Isale la Baba Mkubwa

Jioni ya tarehe 23 Desemba, mama akiwa anachambua mchele na sisi watoto tukigombania chaja moja iliyokuwa inafanya kazi, wazee wawili waliingia uani kwa bibi. Hawakusogea hadi mlangoni. Walisimama chini ya mparachichi, na mmoja wao alikuwa ameshika jani la isale kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa mchuzi.

Baba alikuwa juu ya kiti anabadilisha balbu ya barazani. Alipoliona lile jani alishuka taratibu, akafuta mikono kwenye suruali.

"Shikamooni wazee. Karibuni ndani."

"Marahaba. Hatuingii," alijibu yule mwenye jani. "Tumetumwa na kaka yako."

Kwa msomaji asiyetoka Kilimanjaro: isale ni mmea wa majani marefu ya kijani unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba na kwenye makaburi. Wingi wake ni masale. Kwa Wachaga, isale ni lugha ya kuomba radhi pia. Mtu akikosa, akiona maneno yake hayatoshi, huchukua isale akalipeleka kwa aliyemkosea, au akalituma kwa mikono ya wazee. Mila inasema anayeletewa isale hakatai. Anaweza kunung'unika, anaweza kudai alipwe, lakini hakatai. Nyumbani kwetu wazee husema kwamba ukilikataa, kosa linahama: kuanzia hapo unalibeba wewe.

Baba alikataa. Alikataa kwa adabu, akiwa bado na ile balbu ya zamani mkononi. "Mwambieni kaka nilishamsamehe siku nyingi, kwenye maombi. Jani sina haja nalo. Mimi nimeokoka."

Wazee walitazamana. Hawakubishana naye. Yule mwenye isale aliliweka juu ya jiwe la kunolea visu, karibu na mlango wa jikoni, wakaaga wakaenda. Jani lilikaa pale kwa siku tatu. Nikiulizwa leo likizo ya mwaka ule ilikuwaje, nakumbuka siku hizo tatu tu.

*

Kila Desemba, barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa sisi. Marafiki zangu wa mikoa mingine hutania kwamba Wachaga wanaenda kuhesabiwa. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga: magari yamepakiwa mchele, mafuta ya kupikia, soda, na watoto wanaouliza kila baada ya nusu saa kama tumefika. Ukifika Kiboriloni unaiacha lami kuu unaanza kupanda, hewa inabadilika, na mtu mmoja ndani ya gari lazima aseme, "Fungeni vioo, baridi hiyo." Sisi tunapanda hadi Old Moshi.

Kwa wengi wetu tuliozaliwa mjini, hii ndiyo likizo pekee tunayoijua. Hatujawahi kwenda mahali kwa sababu ni pazuri. Tunakwenda mahali walipozikwa watu wetu, tunalala chumba kimoja watu wanane, tunakula mtori na machalari, na kabla mwaka haujaisha tunarudi. Lakini mtu akiwa likizo hana kazi ya kujifichia. Dar es Salaam, baba anaweza kukaa miaka sita bila kuongea na kaka yake na hakuna anayeona, kwa sababu kila mtu yuko kwenye foleni. Kule mlimani, nyumba ya baba mkubwa iko hatua arobaini kutoka kwa bibi. Moshi wa jikoni kwake unaingia kwetu. Ukimsikia anakohoa usiku unajua ni yeye.

Ugomvi wao ni mfupi kuusimulia. Babu alipofariki, alizikwa kihambani, kama kawaida yetu. Mwaka mmoja baadaye ukoo ulikubaliana kukutana, kuchinja mbuzi na kumwaga mbege kaburini. Baba mkubwa, mtoto wa kwanza, ndiye aliyeitisha. Baba, kitinda mimba, alikuwa ameokoka miaka michache kabla, na aliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba yeye hawezi kushiriki meza ya mashetani. Neno "mashetani" alilituma asubuhi ya siku yenyewe, wakati mbuzi yuko tayari na wageni wameshafika. Baba mkubwa hakujibu kwenye simu. Alichukua jembe akang'oa masale yote yaliyokuwa yanatenganisha sehemu yake na sehemu ya baba.

Kung'oa masale ya mpaka si jambo dogo. Ni kama kuichana hati ya kiwanja mbele ya mwenyewe. Na kuna kitu kingine ambacho sisi wa mjini hatukipendi kukisema. Kwa desturi yetu, nyumba ya wazazi humwangukia kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba yuko Dar es Salaam. Anayemchotea bibi maji, anayempeleka hospitali, anayemkatia ng'ombe wake majani, ni baba mkubwa, ambaye nyumba ile haitakuwa yake. Baba hutuma pesa. Mtu akiniuliza nani ana haki, najibu kwamba inategemea unaanzia kuhesabu siku gani.

*

Ninasoma shahada ya uzamili ya falsafa. Nilikwenda na kompyuta na sura moja ya tasnifu ambayo nilikuwa nimemwahidi msimamizi wangu. Sikuifungua. Badala yake, nilikaa jikoni na kulitazama lile jani, nikijiuliza swali ambalo darasani lingeonekana jepesi: je, baba alikuwa amemsamehe kaka yake?

Yeye anaamini kwamba alimsamehe. Simdharau kwa hilo. Ninajua anavyoomba, nyumba yetu ya Dar kuta zake ni nyembamba. Nimemsikia saa kumi usiku akimtaja kaka yake kwa jina na kumwombea afya. Kwa imani yake, msamaha ni jambo la moyo mbele za Mungu, na moyo hauhitaji jani. Zaidi ya hapo, jani lenyewe linampa hofu. Isale limepandwa kwenye kaburi la baba yake. Limetoka kwenye ulimwengu uleule wa mbege inayomwagwa chini, na yeye aliapa kuuacha.

Hannah Arendt, katika kitabu alichokitoa mwaka 1958, anasema binadamu tuna tatizo la kutoweza kufuta tulichokwisha kukitenda, na dawa yake ni msamaha. Kilichonishangaza nilipomsoma ni kwamba, ingawa hakuwa anaandika teolojia, anamtaja Yesu wa Nazareti kuwa ndiye aliyegundua nafasi ya msamaha katika mambo ya wanadamu. Halafu anaongeza kwamba msamaha hauwezi kufanyika upwekeni. Unahitaji mwingine awepo. Mtu anayesamehe peke yake chumbani anaigiza mbele ya kioo.

Hapo ndipo nilipoanza kuona shida ya baba. Msamaha wake ulikuwa umefika mbinguni lakini haukuwa umevuka hatua arobaini. Kwa miaka sita, kila Krismasi, alikuwa akipita njia ya juu kwenda dukani ili asipite mbele ya nyumba ya kaka yake. Hata Injili anayoishika haikumruhusu: kwenye Mathayo sura ya 5, mtu aliyefika madhabahuni akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake anaambiwa aiache sadaka pale pale na aende kwanza. Maana yake miguu inatangulia sadaka.

Nilijiona nimelitatua. Nikaenda kumweleza shangazi, dada yao wa katikati, aliyekuwa anamenya ndizi nyuma ya jiko. Nilimwambia mila hii ina hekima kuliko tunavyodhani: moyo ukikataa, jani linautangulia. Unalipokea kwanza, halafu moyo unafuata nyuma, kama mtoto anayekokotwa shuleni.

Shangazi aliniacha nimalize. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Mimi nimeletewa isale mara tatu."

Nilikuwa sijui. Alikuwa ameolewa na mtu aliyekuwa akimpiga. Mara ya kwanza alirudi nyumbani kwa babu, mume akatuma wazee na isale, akaambiwa hakuna anayekataa isale, akarudi. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu alirudi akavunjwa mkono. Alininyooshea ule mkono. Kiwiko chake hakinyooki hadi mwisho. Nilikuwa nimekiona maisha yangu yote nikidhani alizaliwa hivyo.

"Sasa niambie wewe unayesoma," alisema. "Kosa lilimhamia nani?"

Sikuwa na jibu, na ninashukuru kwamba sikujaribu kulitafuta kwa haraka. Mila inayosema "hakatai" ni nzuri kwa ndugu wawili wenye kiburi. Kwa mwanamke anayepigwa, ni mlango unaofungwa kwa nje. Na dini haikumwokoa pia: mchungaji wa wakati ule, anasema, alimwambia asamehe saba mara sabini. Imani na mila, ambazo kwa baba zinagombana, kwa shangazi zilisimama upande mmoja, na huo haukuwa upande wake.

Nikamuuliza, basi isale liachwe? Alitafakari. "Hapana. Tatizo si jani. Wale wazee walikuja wakaniletea, wakala, wakanywa, wakaenda zao. Hakuna aliyerudi kuangalia. Aliyebeba isale alitakiwa kuwa shahidi hata kesho yake." Akachukua ndizi nyingine. "Kabla hujamwambia mtu asamehe, angalia nani ana nguvu. Mume wangu alikuwa na nguvu juu yangu. Huyu kaka yangu mkubwa hana nguvu yoyote juu ya baba yako. Hana pesa, na nyumba hii si yake. Jani lake limepanda mlima. La kwangu lilikuwa linaniporomokea."

*

Siku iliyofuata, tarehe 24, sisi binamu tulitembea hadi kwenye mti wa Mangi Meli. Tunakwenda karibu kila mwaka. Wadogo wanapenda kupiga picha. Wajerumani walimnyonga Meli pale Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine, na inaaminika kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alitumia miaka mingi akikidai. Mwaka 2023 wasimamizi wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha mafuvu kadhaa yaliyochukuliwa kutoka nchi yetu na jamaa walio hai hadi leo. La Meli halikuwemo. Mwaka huohuo, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Vita vya Maji Maji.

Nilipokuwa nimesimama pale, maneno ya shangazi yalinirudia. Mwenye nguvu alikuja, na kuja kwake si jambo la kudharau. Alitumia miguu yake, alisimama mbele ya wajukuu wa waliouawa. Lakini isale halisi ni lile linaloacha alama: mtu anarudi kuangalia, anarudisha kilichong'olewa. Ombi la radhi lisilofuatwa na kitu ni wale wazee waliokula wakaondoka. Na kwa upande wa anayeombwa, hakuna mila wala dini yenye haki ya kumwambia kwamba hawezi kukataa. Anaweza kusema: bado. Leteni kichwa kwanza.

Binamu yangu wa kiume, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa amesimama kando yangu. Tulikua pamoja kila Desemba hadi ugomvi ulipoanza, na tangu hapo tumekuwa tukitaniana kwa tahadhari, kama watu wanaobeba mayai. Aliniuliza, "Mzee wako amelitupa?"

"Hapana. Liko kwenye jiwe."

"Mzee wangu hajalala," alisema. Hatukuongea tena hadi tulipofika nyumbani.

*

Sasa lazima niseme la kwangu, maana nimekuwa nikimhukumu baba kana kwamba mimi nina usafi fulani.

Siamini kama nilivyokuwa naamini. Imekuwa miaka miwili. Hakukuwa na tukio. Niliacha tu kuomba, kisha nikagundua kwamba nimeacha. Sijamwambia baba. Nikiwa Dar nina visingizio vya masomo. Kule mlimani, siku ya Krismasi, hakuna visingizio: nyumba nzima inakwenda kanisa la Kilutheri la Kidia, hata baba, ambaye siku hizi anasali na walokole, kwa sababu mama yake yuko hai na ni Krismasi.

Bibi ana miaka zaidi ya themanini. Anapoomba kwa Kichaga humwita Mungu Ruwa, jina lilelile la jua, jina lililokuwa mlimani kabla ya mmisionari wa kwanza. Sidhani kama amewahi kuona shida yoyote hapo. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Old Moshi kwa miaka mingi hadi alipoondoka mwaka 1938, alifikia wazo lililowakera baadhi ya wenzake: kwamba kanisa lijengwe juu ya vifungo ambavyo watu tayari walikuwa navyo, yaani ukoo, ujirani na rika, lisivikate. Alikuwa na makosa yake, na kuna jambo lisilopendeza katika mgeni kutuamulia tubaki na nini. Lakini bibi ni mtoto wa wazo hilo. Anaijua Biblia yake, na kila Jumamosi anafagia kaburi la babu na kumsimulia habari za wiki.

Wakati wa Chakula cha Bwana, bibi alisimama na kuninyooshea mkono. Hakuuliza. Alihitaji mtu wa kumshika kwenye ngazi za mbele. Nikaenda naye. Nikapiga magoti kwa sababu yeye asingeweza kupiga magoti bila mimi, na mkate ulipofika kwangu, nikaupokea.

Je, nilidanganya? Nimelifikiria sana jambo hilo. Baba anakataa isale kwa sababu anaamini lina nguvu. Mimi nilipokea mkate nisioweza kuapa kwamba ninauamini. Kwa kipimo cha ukweli wa moyo, baba ananizidi: angalau anachokifanya nje kinafanana na kilichomo ndani. Lakini sikuwa nimepiga magoti ili nionekane. Nilikuwa mkono wa bibi. Na nikiwa pale chini, bega langu likiwa limebeba uzito wake, niliona kitu ambacho miezi yote ya kusoma haikunionyesha. Kuna matendo ambayo hayasemi "naamini." Yanasema "nipo nawe." Sijui kama hilo linatosha kwa Mungu. Kwa bibi lilitosha.

John Mbiti, padri wa Kianglikana kutoka Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba kwa Waafrika wengi waliofariki hawaondoki mara moja. Wanabaki karibu, kama wafu walio hai, madamu kuna mtu anayewakumbuka kwa majina. Kisha wanazama polepole kutoka Sasa kwenda Zamani. Alitumia maneno hayohayo ya Kiswahili. Nadhani bibi anajua kwamba yeye ndiye anayemshikilia babu kwenye Sasa. Na kwamba baada yake kazi hiyo itamwangukia mwenye nyumba, na mwenye nyumba hasogelei kaburi, na binti wa mwenye nyumba haamini chochote. Likizo yetu ni siku kumi. Yeye anapanga ya baada yake.

Tulipotoka kanisani, baba alimshika mkono wa pili. Tukatembea watatu. Karibu na nyumbani bibi alisimama ili apumue, akamwambia baba, kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, "Unasema umemsamehe kaka yako."

"Ndiyo mama. Siku nyingi."

"Basi vuka."

Baba alianza kueleza habari za jani na Maandiko. Bibi akainua kiganja. "Sijasema jani. Nimesema vuka."

*

Asubuhi ya tarehe 26 mawingu yalikuwa yametoka na Kibo kilikuwa wazi. Nilikuwa nawasha moto nilipomwona baba akitoka, amevaa koti la babu. Alisimama kwenye lile jiwe kwa muda. Jani lilikuwa limeanza kunyauka kwenye ncha. Akaliokota. Alilishika kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kitu cha jirani asichotaka kukichafua, akapita kwenye pengo ambalo zamani lilikuwa mstari wa masale.

Bibi, ambaye nilidhani amelala, alinipa chupa ya chai kupitia dirishani. "Mfuate baba yako na hii."

Baba mkubwa alikuwa anakatakata mgomba wa ng'ombe. Aliona miguu kwanza, akainua macho. Panga lilibaki hewani kidogo, kisha akaliegemeza kwenye gogo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba." Kimya. "Mama ameamkaje?"

"Ameamka salama."

Baba alimnyooshea lile jani. Nilidhani anamrudishia, na moyo wangu ukashuka. Alisema, "Sijaja kwa sababu ya hili. Nimekuja kwa sababu siku ile sikuja."

Baba mkubwa alilipokea isale lake mwenyewe, akalitazama, akalichomeka kwenye ukingo wa paa la zizi. "Na mimi nilichong'oa nimekiona," alisema. "Kila siku nakiona." Kisha akanigeukia, "Hiyo chai ni ya nani?"

Nikamimina.

Sitaki kuwadanganya kwamba kila kitu kilipona. Habari ya nyumba haijaamuliwa. Bibi anasema watalizungumza akiwa hai, na kila mtu anaogopa kuanza. Mchana ule mbuzi alichinjwa, na baba aliuliza mbele ya watu, "Huyu ni wa nini?" Baba mkubwa akajibu, "Wa kula." "Basi nitakula," alisema baba, watu wakacheka, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi kwa miaka sita. Lakini baba mkubwa alipochukua kibuyu cha mbege kuelekea kaburini, baba aliondoka, akasimama getini akijifanya anatafuta mtandao. Hakwenda mbali. Ilipokwisha, alirudi akakaa alipokuwa amekaa, na sahani yake ilikuwa imefunikwa. Kuna mtu aliifunika. Nilimwona ni nani: ni yuleyule aliyekuwa anamwaga mbege.

Shangazi alikula akiwa amekaa pembeni. Kabla hatujaondoka, aliwaita wale wazee wawili walioleta isale na kuwaambia warudi mwezi wa pili, na wa tatu, waangalie kama watu hawa wanasalimiana. Walicheka wakidhani anatania. Yeye hakucheka. Wakaahidi.

Nimesikia mara nyingi kwamba mwacha mila ni mtumwa. Nimesikia pia, madhabahuni, kwamba anayeshika mila ndiye mtumwa. Baada ya siku zile tatu siwezi kuisema sentensi yoyote kati ya hizo nikiwa nimenyoosha uso. Jani halikumfanya baba asamehe, na maombi yake ya saa kumi usiku hayakuwa uongo. Lakini moyo wake ulikuwa na msamaha usio na miguu, na jani lile lilikaa juu ya jiwe, mahali ambapo lazima alipite akienda kunawa, likimuuliza swali lilelile kila asubuhi. Hilo ndilo ninaloweza kulitetea katika urithi: haulazimiki kuuamini wote ili ukuulize swali la haki. Na imani ninaweza kuitetea vivyo hivyo, hata mimi niliyeko nje ya mlango wake.

Wakati wa kurudi nilikaa mbele. Tulipofika Mombo wengine walishuka kula, tukabaki mimi na baba ndani ya gari. Nikamwambia. Sikuwa nimepanga maneno. Nilisema tu kwamba mkate wa Krismasi niliupokea kwa ajili ya bibi, na kwamba ni miaka miwili sasa. Alishika usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa. Hakusema kitu hadi tulipoipita Korogwe, wengine wote wamelala nyuma.

"Desemba utakuja?" aliuliza.

"Nitakuja, baba."

Akawasha redio.